Ulimi wa Kaka

Kaka yangu mpishi maarufu ameshaanguka mara mbili, na mara zote watu walishangilia. Mkahawa wa kwanza uliuawa na majivuno yake. Wa pili uliuawa na video: yeye akimrushia mhudumu sahani ya moto, na kila mwenye simu akaitazama. Huu wa tatu ulikuwa wa kufa na kupona. Wenye jengo walishasema kipindi cha leo cha televisheni kikienda kombo, tufunge virago.

Wasichokijua ni kwamba tangu augue mwaka jana, kaka hasikii ladha. Mpe ndimu, mpe sukari, kwake yote maji. Mimi ndiye ninayeonja. Nikishatia chumvi, naweka mfuniko wa sufuria juu chini, ajue kazi imekwisha asiiguse. Siri hiyo ilikuwa yetu wawili tu, na ilinichosha kuliko moto wa jiko.

"Dada, wewe kaa huku nyuma ya kamera," mwongozaji wa kipindi aliniambia. "Watu wanataka kumwona yeye."

Sawa. Nikameza mate machungu, nikasimama huko.

Ndipo mpiga picha akapita, akaona mfuniko nilioupindua umekaa vibaya, akaugeuza vizuri ili sufuria ipendeze. Nikafungua mdomo. Mwongozaji akaniwekea kidole midomoni: tuko hewani.

Kaka akaingia kwa tabasamu lake la matangazo. Akautazama mfuniko, akaufunua, akachota chumvi kwa mkono mzima na kuimwaga. Mezani alikuwa amekaa yule mwandishi aliyeuzika mkahawa wa pili kwa kalamu yake, kijiko tayari mkononi.

Nikamkwepa mwongozaji, nikaingia mbele ya kamera.

"Kaka, mchuzi huu tuuache. Tumpe mgeni ule mwingine."

"Kwani huu una nini?" mwandishi akauliza.

Kaka akanikata jicho. "Msimjali mdogo wangu," akawaambia watazamaji, akicheka. "Ana kawivu kidogo."

Kawivu! Nilitamani kumzaba kibao, na papo hapo nilimwonea huruma. Akachota kijiko, akaonja, akafumba macho kwa maringo.

"Hapa ndipo penyewe," akasema, akamsogezea mgeni bakuli.

Mwandishi akatia kijiko mdomoni. Uso ukamkunjamana, akatemea kwenye kitambaa.

Kaka akanyakua bakuli. Wahudumu wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Mchuzi ukamwagikia vidole, kisha akaliweka chini taratibu. Akanigeukia. Sijawahi kumwona na hofu ile. Akaninong'oneza, kipaza sauti kikiwa kimebanwa kwenye kola yake, nchi nzima ikisikiliza:

"Huu una nini, mdogo wangu?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena.

"Chumvi, kaka," nikamwambia. "Umeirudia."