Shela Ndani ya Nyumba

Mtaa mzima wa Makina unasema Mama Mastura alikuwa na moyo mgumu, eti mumewe alikufa akakataa hata kumgusa. Niliahidi kunyamaza akiwa hai. Sasa naye amezikwa, kwa hiyo nasema, na atakayekasirika akasirike.

Nilikuwa mpangaji wake, chumba cha uani. Mimi Mluhya na Mkristo, ila mbele yangu hakujifunika, kwa kuwa mimi ni mwanamke mwenzake. Barabarani alikuwa buibui na macho mawili tu. Ndani alikuwa mrembo, nywele nyeusi hadi mabegani, amezifukiza udi, akimngoja Mzee Farajalla atoke msikitini. Wale wazee walipendana. Nilikuwa naona haya kusikia vicheko vyao kupitia ukutani.

Lakini mzee alikuwa mwepesi wa hasira. Talaka mbili alizitoa ujanani, akamrudia. Ya tatu aliitoa mwaka wa sabini na mbili, kwa ajili ya chai iliyomwagika kwenye kanzu ya Idi. Kabla kanzu haijakauka alikuwa analia. Ila baada ya ya tatu hakuna kurudiana, mpaka mke aolewe na mwanamume mwingine na kuachika.

"Niolewe na nani, na wajukuu wote hawa?" Mama Mastura aliniuliza. "Nafuna, usiniaibishie mzee wangu. Watu wasijue."

Tangu siku hiyo alivaa shela ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mzee akahamia chumba cha mbele. Mama alimpikia, akamwekea sahani mlangoni, na hakumwonyesha tena hata unywele mmoja. Waliishi hivyo miaka mitatu.

Mzee alipofariki, mwanawe Rehan alimwita mama yake aje amwoshe baba, maana mke ana haki hiyo. Watu walijaa. Mama Mastura alifika mlangoni, akashika fremu. Angeingia, nani angemzuia? Aliyejua kwamba si mkewe tena ni mimi peke yangu.

"Mwosheni nyinyi," alisema, akashusha shela usoni.

Wanawake walinong'ona.

Jeneza lilipoondoka alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, akavua shela. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

"Zimegeuka tukiwa hivyo," alisema. "Hakuziona hata siku moja. Nisuke, Nafuna, vile alivyokuwa anapenda."