Mpira Uliokwenda Kwenye Uyoga

Ylva Brännmark alijifunza gofu kwa sababu ya uyoga. Waandishi wa habari walimuuliza mwaka hadi mwaka nani alimfundisha kuupinda mpira namna ile, na yeye akawajibu kwamba ni upepo wa kwao Hälsingland, Uswidi. Wakaandika hivyohivyo. Upepo wenyewe haukuwa na habari.

Aliyemfundisha ni bibi yake, Alfhild, mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu na mdomo mgumu kufunguka kuliko kopo la samaki lililopata kutu. Alfhild alikuwa na mahali pake pa kuchuma kantareli, ule uyoga wa manjano unaonukia kama tunda bivu. Huko Tallsjö, kijijini kwao, mtu atakwambia bila taabu anampigia kura nani na kwa nini ameachana na mkewe. Hakwambii anachuma wapi uyoga. Sheria ya nchi inamruhusu kila mtu kuchuma katika msitu wa mtu yeyote, kwa hiyo uzio pekee uliopo ni kunyamaza.

Na Alfhild alinyamaza kwelikweli. Aliegesha gari kanisani, kisha akapotelea upande wa pili. Alivaa viatu vya mpira vilivyogeuzwa soli, kisigino mbele, ili nyayo zake zionyeshe mtu anayetoka msituni wakati ndiyo kwanza anaingia. Mumewe alikula uyoga ule maisha yake yote ya ndoa, juu ya mkate uliokaangwa kwa siagi, na alipokuwa mahututi alimshika mkono.

"Alfhild, sasa niambie. Ni wapi?"

"Pona kwanza," akasema Alfhild.

Hakupona. Daktari aliandika kwamba ni moyo, lakini Tallsjö nzima inajua kwamba kilichommaliza ni lile swali.

Klabu ya gofu ilipotaka kununua shamba la Alfhild, aliuza kwa sharti moja: kijisitu cha misonobari kilichokuwa pembeni kisiguswe. Wakadhani anapenda ndege. Wakachora uwanja wao, na kile kijisitu kikaangukia upande wa kulia wa shimo la kumi na saba. Wiki hiyohiyo Alfhild alitafuta fimbo kuukuu za gofu, akamchukua mjukuu wake mdogo, akamsimamisha pale pa kuanzia.

"Haya. Piga uingie kwenye miti ile."

"Bibi, si tunatakiwa kupiga kule kwenye bendera?"

"Bendera inaliwa?"

Ylva akapiga. Mpira ulikuwa unanyooka kuelekea kwenye bendera kama mpira mwenye adabu, halafu njiani unakata kulia na kuzama mitini. Bibi na mjukuu wanaingia kuutafuta na mfuko wao wa fimbo, wanakawia, wanatoka na mfuko umevimba tumbo. Watu wakawahurumia. "Masikini Alfhild na kale katoto! Hawajui kabisa, lakini hawakati tamaa."

Mkono wa mtoto haukuwa na mchezo. Kabla hajabalehe aliweza kuuzungusha mpira nyuma ya trekta linalotembea. Alipoanza kucheza kwa kulipwa, aliupiga mpira huko Hispania ukakata kona ya hoteli, ukapita juu ya meza za watu waliokuwa wakinywa chai bila kumwaga kikombe, ukatua jirani na shimo. Mhudumu mmoja alivua kofia. Huko Uskoti, siku ya ukungu, mpira wake uliingia uwanja wa kanisa, ukauzunguka mnara, ukatoka kwa lango lilelile. Mchungaji bado anawaonyesha wageni ulipopita.

Alishinda vikombe kadhaa. Angeshinda vingi zaidi, ila mkono wake ulikuwa mtiifu kwa bibi kuliko kwa kocha. Kila hali ilipokuwa ngumu, pigo moja tu likibaki, mpira ulikata kulia bila kutumwa. Makocha walimbadilisha miguu, mabega, hata mto wa kulalia. Mtaalamu wa akili kule Stockholm alimuuliza kwa upole kuna nini upande wa kulia wa maisha yake. Ylva angeweza kumwambia. Lakini angemwambia, yule angejua pa kwenda mwezi wa Agosti, uyoga unapoota. Akasema hakuna kitu, akaendelea kushindwa.

Hivyo ndivyo alivyofika miaka thelathini na saba, kifundo cha mkono kikiuma, na jina lake likining'inia mwisho kabisa wa orodha ya wachezaji wanaoruhusiwa kurudi kwenye mashindano ya Ulaya mwaka unaofuata. Shindano la mwisho la kuamua hayo liliangukia, kati ya viwanja vyote, kwenye kiwanja cha Tallsjö. Ilikuwa Agosti, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

Siku ya mwisho alifika shimo la kumi na saba akiwa na hesabu moja kichwani. Asipopoteza pigo hata moja, yaani asizidishe idadi iliyopangiwa kila shimo, kwenye mashimo mawili yaliyobaki, anabaki. Akipoteza moja, kazi imekwisha.

Mbeba fimbo wake alikuwa Sixten, mtu mkubwa aliyewahi kudaka kwenye mchezo wa magongo wa barafuni, na meno yake mawili ya mbele yalibakia hukohuko.

"Mapigo matatu tu hapa," Sixten akasema, ugoro ukiwa umemjaa mdomoni. "Mtoto wa dada yangu anapata matatu hapa akiwa na mafua."

"Mlete basi."

"Ana mafua."

Pembeni ya kamba ya kuzuia watazamaji, Alfhild alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, chupa ya kahawa mapajani. Nyuma yake alisimama jirani yake, Rune Hallqvist, kwenye kizibao cha manjano cha watu waliojitolea kuongoza watazamaji. Mfukoni alikuwa na kisu cha uyoga chenye brashi kwenye mpini, kifaa ambacho mwongoza watazamaji hakihitaji hata kidogo. Rune alikuwa amemfuatilia Alfhild Agosti baada ya Agosti tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi, akakonda, asipate kitu.

Ylva akapiga. Mpira ukanyooka vizuri. Watu wakaanza kupumua. Kisha ukakata kulia, bila haraka, kama ng'ombe anayejua zizi lake, ukazama kwenye misonobari.

Sixten alishusha mfuko. "Haidhuru. Utoke tu. Wewe mitini ni kama kulungu. Tuna dakika tatu za kutafuta, na watu hawa wote wana macho."

Kweli walikuwa nayo. Watazamaji walikuwa mamia, wastaarabu, wenye viatu vya mpira, na wote walikuwa wachumaji. Kamera ya televisheni ilikuwa tayari inageuka.

"Nimeona ulipoingia!" Rune akapaza sauti, macho yakimng'aa. "Twendeni tukamsaidie binti yetu!"

Ylva alimtazama bibi yake. Kikombe cha Alfhild kilikuwa kimesimama hewani, hakiendi mdomoni, hakirudi mapajani.

"Msiutafute!" Ylva akaita.

"Umesemaje?" Sixten akauliza.

"Nauacha. Nalipa pigo la adhabu, napiga mwingine kutoka hapahapa."

"Ylva, ukifanya hivyo umejifukuza kazi mwenyewe."

"Sixten, nipe mpira."

Mwamuzi alithibitisha kwamba sheria inaruhusu, ingawa alimtazama kama unavyomtazama mtu anayechoma fimbo zake mwenyewe. Lakini Rune alikuwa ameshainua kamba.

"Sisi tutauokota tu," akasema. "Hatuwezi kuacha takataka msituni. Si tabia yetu."

Hapo watu wakatikisa vichwa kukubali, maana hilo kweli si tabia yao. Mguu mmoja wa Rune ulikuwa ng'ambo ya kamba.

"Rune," Alfhild akasema. "Njoo unywe kahawa. Nina mkate wa mdalasini pia."

Rune akaganda. Ujirani wao wote, Alfhild hakuwahi kumpa hata maji. Na katika sehemu zile, mtu akikukaribisha kahawa hukatai, hata nyumba yako ikiwa inaungua. Rune aliutazama msitu, akautazama mkate, akaurudisha mguu, akaketi kwenye nyasi. Alikunywa taratibu, lakini hakuondoa macho kwenye ile misonobari.

Ylva akapiga tena. Mpira wa safari hii ulinyooka mpaka mwisho, ukatua kwenye majani yaliyonyolewa, ukabingirika hadi ukingo wa shimo, ukachungulia ndani, ukaghairi. Akamalizia kwa pigo la nne, ukihesabu na lile la adhabu. Shimo la kumi na nane alilicheza bila kosa, na halikumsaidia chochote. Jioni jina lake lilikuwa halipo tena.

Asubuhi iliyofuata Alfhild alimgonga Ylva mguu kitandani. "Amka. Vaa viatu. Leo vya kawaida."

Wakatoka wakipita barabara kuu, kikapu mkononi, waziwazi.

"Bibi, watu watatuona."

"Nani atuone? Rune yuko kule shimo la kumi na saba tangu alfajiri, amelala kifudifudi kama askari."

Wakapita geti la Rune mwenyewe. Wakakatisha ua wake, wakazunguka stoo yake ya kuni. Huko nyuma, katikati ya mibetula, ardhi yote ilikuwa ya manjano, kama mtu amejikwaa na ndoo ya rangi.

Ylva akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni.

"Na kule kwenye misonobari?"

"Kule unaota wa kutosha kuwa chambo tu," Alfhild akasema, akiinama kwa taabu. "Rune ni mvivu. Usipompa pa kuvizia, anashinda nyumbani. Akishinda nyumbani, siku moja ataishiwa kuni, azunguke nyuma ya stoo."

"Jana nimepoteza kazi kwa ajili ya ule uyoga."

"Niliona."

"Ungeweza kusema."

"Mbele ya watu?" Alfhild aliinuka kabisa, ameshtuka kwa dhati. "Na wewe ungeweza kuuliza."

"Mbele ya watu?" akasema Ylva.

Ylva akatoa kisu, wakachuma.

Mchana Rune alibisha hodi, magoti yamelowa, sindano za msonobari kichwani. Mkononi alikuwa na mpira, ameshaufuta.

"Ulikaa juu ya ukoka kama yai kwenye mto," akasema. "Na mbele njia nyeupe mpaka kwenye bendera. Hata mimi ningeutoa." Akanusa. Siagi ilikuwa motoni. "Mmepata uyoga?"

"Kidogo," Alfhild akasema. "Kaa unywe kahawa, Rune."

Ylva aliuweka mpira dirishani, karibu na chungu cha maua, na ukakaa hapo.

Siku hizi anafundisha kwenye klabu. Watoto anaowafundisha wanapiga mapigo yaliyonyooka, wazazi wanafurahi. Lakini ukifika Agosti, baada ya mvua, anakwenda peke yake asubuhi shimo la kumi na saba. Kwenye kichaka, kizibao cha manjano kinajificha vibaya. Ylva anajifanya hakioni. Anachagua fimbo, anaitazama bendera kwa heshima, anapiga, na mpira unakata kulia safi, mahali hasa alipoutuma. Kisha anaingia mitini, anakawia.

Huo ndio wakati mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu anapopita geti la Rune na kikapu mkononi, hana haraka yoyote.