Maji ya Pasaka Kutoka Shimoni

Kitendawili, na usikimbilie kujibu: macho yake samawati, uso hauna doa, ila tumboni hana hata samaki mmoja. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni ziwa la shimo la makaa ya mawe, lile lililo nyuma ya nyumba ya Marhata.

Shimo hilo ndilo lililomeza kijiji alikozaliwa. Makaa yalipokwisha mitambo ikaondoka, maji yakapanda yenyewe, machachu kama siki. Yaling'aa kwa sababu hakuna kiumbe kilichoweza kuishi ndani yake. Mumewe, Bjarnat, alifanya kazi kwenye boti inayomwaga chokaa ziwani ili kuupunguza uchachu ule. Kila jioni alirudi mweupe kama mwoka mikate, na kila jioni Marhata alimuuliza, "Litapona lini?"

"Niwekee viazi kwanza, bibie. Chokaa haishibishi."

Pasaka ikafika. Kwa Wasorbi, watu wa kabila lao, wasichana huteka maji alfajiri, kabla jua halijachomoza, bila kutoa neno. Ukifungua mdomo njiani, baraka imekwisha, unabeba maji matupu. Lakini kijito chao kilikuwa kimegeuka rangi ya chai kwa kutu inayotoka machimboni, na msichana aliyebaki wa kuteka katika kijiji walichohamia alikuwa mmoja tu, mjukuu wao Lejna. Marhata hakutaka desturi imfie mikononi. Akasema watateka ziwani.

"Mnakwenda kuteka siki?" Bjarnat akacheka. "Pitieni matango basi, tuyafanye achari." Kisha akaacha kucheka. "Msivuke ile kamba ya hatari, mama. Ule ukingo ni kifusi kitupu, na kimelowa."

Wakaondoka kimya, Lejna mbele na mtungi. Kwenye kamba msichana akasita, akamtazama bibi yake. Maji yalikuwa hatua chache tu upande wa pili. Marhata alitaka kumkataza, ila mdomo ulikuwa umefungwa na desturi. Akatikisa kichwa. Katika giza lile Lejna alidhani ameitikia, akavuka.

Alikuwa ameinama kuteka, ndipo Marhata, kwa mwanga hafifu wa maji, akaona mstari mwembamba ukichoreka mchangani, nyuma ya visigino vya mtoto. Mstari ukapanuka. Akafungua mdomo, akaufunga. Tangu utotoni hakuwahi kuyaharibu maji ya Pasaka.

"Lejna, rudi!"

Msichana akaruka, akamwangukia kifuani. Nyuma yake ardhi ikalegea kama uji, ikateremka ziwani na vichaka vyake na mtungi, karibu bila sauti.

Lejna akainua uso. "Bibi," akasema, "umeongea." Wala hakuwa analaumu. Alisema kama mtu anayetoa habari za msiba.

Nyumbani Bjarnat alikuwa mlangoni, utani wake tayari mdomoni. Alipoyaona matope akaumeza. Akamkalisha mtoto, akapasha maji ya bomba, akamwosha miguu taratibu. Marhata alikaa karibu na jiko. Mara hii hakuuliza litapona lini.

Bjarnat akaifuta miguu ile kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Alikawia sana.

"Labda wajukuu wa huyu watavua samaki humo ziwani," akasema mwishowe, bila kumtazama mkewe. "Labda. Wewe na mimi, Marhata, hatutaliona likipona."