Yasini ya Bassam

Mhariri wetu, Mzee Zein, aliponiambia niandike historia ya gazeti letu, Mwangwi wa Kisiwa, kwa toleo la mwisho, Novemba 1996, alitaka sifa tupu: miaka ishirini na mbili, chumba kimoja cha ghorofani Mji wa Kale, mashine kuukuu ya chapa iliyonunuliwa Shimanzi. "Na lile la Bi Shariffa liwache," akasema. Nilijua atalisema.

Lile la Bi Shariffa ni langu. Mwaka wa 1991 mimi ndiye niliyekuwa nikipanga herufi. Alileta kikaratasi: meli ya mwanawe Bassam haijasikika kwa wiki tatu, anaomba watu wamsomee Yasini. Mimi ni Mgiriama, Mkristo wa Kaloleni. Yasini, ile sura ya Kurani, nilikuwa nikiisikia matangani tu. Sikuuliza. Nikamtia Bassam kwenye tanzia, baina ya marehemu wawili, na Ijumaa watu wakamiminika kwa mamake kumpa pole. Wengine walikuja na sukari na mchele.

Alhamisi iliyofuata alipanda ngazi zetu. "Mwanangu hakufa, Kahindi. Nimeomba asomewe arudi, nyinyi mumemzika. Andikani kuwa mumekosea."

Mzee Zein akakataa. Tukisahihisha kisha kijana asirudi, alisema, tutakuwa tumemuua mara mbili.

Meli haikuonekana tena. Kila Alhamisi, kwa miaka mitano, Bi Shariffa alikuja na swali lile lile: "Mushaandika?" Nami, mwoga niliyekubuhu, nilijitia kusafisha mashine. Mwezi mmoja kabla ya toleo hilo la mwisho alikufa. Tangu hapo, kila Alhamisi nilisikia ndara zake ngazini. Zikifika kidato cha mwisho zilitulia, na mlangoni hapakuwa na mtu. Mzee Zein naye alikuwa akiinua kichwa. Hatukuwahi kulizungumza.

Historia nikaiandika, na lile nikalitia ukurasa wa kwanza: kosa ni langu, Bi Shariffa aliomba dua, na habari ya kifo cha Bassam hatukuwa nayo wala hatunayo leo. Mzee Zein akasoma, akavua miwani, akasema, "Chapa."

Alhamisi iliyofuata mashine ilikuwa imeshauzwa. Nilikwenda peke yangu, nikakaa sakafuni na nakala mkononi, kwa sababu nilitaka kumsomea. Ndara zikapanda, zikatulia. Nikasoma hadi mwisho.

Ndipo nikasikia nyayo nyingine zikipanda nyuma yake, nzito, za mwanamume. Zikafika alipo Bi Shariffa. Wakashuka pamoja, taratibu, nami nikalia, kwani nilijua sasa kwamba Bassam amekufa, na sina tena gazeti la kumwandikia tanzia.