Nusu Saa ya Bi Mwanajabu

Lennox Dzoro alikuwa amechoka, na si uchovu wa jana na juzi. Miaka ishirini na sita alikuwa akisimama mlangoni mwa ghala moja huko Shimanzi, kalamu sikioni, akihesabu magunia yanayoshushwa kwenye malori, vumbi la mahindi likimwingia puani mpaka akasahau harufu nyingine zote. Ukimwamkia asubuhi hakwambii hajambo. Anakujibu, "Nipo tu," na kweli alikuwa yupo tu. Mkewe, Beryl, alizoea kusema kwamba mumewe ana mapenzi mawili hapa duniani, usingizi na sauti ya Bi Mwanajabu, na yeye mke wa ndoa ya kanisani anakuja wa tatu, kama yumo kwenye hesabu kabisa.

Bi Mwanajabu Gharib, kwa msiomjua, alikuwa mwimbaji wa taarabu wa Mji wa Kale. Na msijilaumu kwa kutomjua. Aliporudi Hija mwaka wa sabini na nane aliacha kuimba, na kakake, Taib, akazunguka nyumba kwa nyumba akizikusanya kaseti zake na kuzichoma moto, ili dadake asije akaulizwa kesho Ahera. Watu walizitoa. Nani angemkatalia? Lakini Dzoro hakuwa mtu wa Mji wa Kale. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo wa kila Jumapili, na hakuna aliyefikiria kumbishia hodi. Naye alikuwa na kaseti moja, aliyoirekodi mwenyewe katika harusi ya Kibokoni mwaka wa sabini na sita, amesimama nje ya turubai na redio yake kifuani, kwa vile ndani palikuwa pa wanawake. Wimbo mmoja, upande mmoja, nusu saa nzima. Bi Mwanajabu hakuuimba tena baada ya siku ile, na kaseti nyingine ya wimbo huo haikuwapo.

Ungekuwa wewe ungenyamaza, sivyo? Yeye mdomo ulimwasha. Siku moja, mwaka wa tisini na moja, katika hoteli ya chai pale Mwembe Tayari, akajigamba mbele ya Kamaludin, dereva wa lori, mzaliwa wa Mji wa Kale. Haikupita wiki, Kamaludin akarudi na ujumbe. Bi Mwanajabu anataka kumwona.

Lo! Dzoro alipagawa. Alinyoa ndevu, akapiga shati pasi mara mbili, akaitia kaseti mfukoni na redio kwapani, maana aliamini anaitwa kushukuriwa. Njia nzima alikuwa akijifunza maneno ya kusema, midomo ikimcheza, mwanamume mzima wa miaka arobaini na mitatu!

Alimkuta mama mfupi, mnene, mwenye miwani, ameketi mkekani na miguu imemvimba, akipepeta mchele. Huyo ndiye.

"Karibu, mwanangu. Waambaje? Watu wa nyumbani hawajambo? Na kazi?" Aliuliza mpaka habari za mvua ya Kaloleni, na kabla mgeni hajamaliza kujibu, kahawa na halua zilikuwa mbele yake. Maneno yote aliyojifunza njiani yalimpotea. Aliishia kusema "marahaba" mahali pa "shikamoo," na mwenye nyumba akacheka hadi miwani ikateremka.

Kisha akaacha kucheka. "Nasikia una sauti yangu."

"Ninayo, Bi. Nimeitunza kama mboni ya jicho."

"Mungu akulipe. Sasa nifutie."

Dzoro akairudisha halua sahanini.

"Nimetubu, mwanangu," akasema Bi Mwanajabu, mikono yake ikirudi kwenye mchele. "Lakini kila inapopigwa hiyo, mimi naimba tena, nikitaka nisitake. Nimechoka. Nataka nikifa niondoke mzima, nisibakize kipande huku. Niahidi kwamba hakuna atakayenisikia tena nikiimba."

Angeweza kukataa. Kaseti ilikuwa yake, na nje ya turubai lile alisimama yeye usiku kucha. Lakini utamkatalia vipi mtu uliyempenda miaka kumi na mitano, anakutazama usoni, na kahawa yake iko mkononi mwako? Aliahidi. Akairudisha kaseti mwanzo, akabonyeza vibonye viwili kwa pamoja, chekundu na mwenzake, vigurudumu vikaanza kuzunguka. Akavitazama dakika moja, akashindwa.

"Nitoke nje kidogo, Bi."

Alikaa barazani kichwa mikononi mpaka aliposikia sauti ikimwita, "Baba! Imekwisha!" Akaaga, akabeba redio yake, akaenda zake. Kaseti aliitia kwenye droo ya kabati, chini ya vyeti vya ubatizo wa watoto, na hakuigusa tena.

Bi Mwanajabu akafa mwaka wa tisini na nane, mvua za Elnino zilipokuwa zimekata. Dzoro alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa. Watu walimsifu marehemu kwa ucha Mungu wake, kwa mkono wake wa kutoa, kwa mapishi yake. Habari ya kuimba haikutajwa hata na mtu mmoja. Alirudi kazini siku hiyo hiyo, akahesabu magunia ya watu, akakosea, akaanza upya.

Wiki mbili baadaye, msichana aliyevaa buibui alipita katikati ya malori ya Shimanzi, matingo wakimpisha, akaja mpaka mlangoni mwa ghala.

"Shikamoo. Ndiwe Mzee Dzoro? Mimi Nafisa, bintiye Bi Mwanajabu."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Mungu amrehemu."

"Amin. Mama aliniambia kaseti yako uliifuta mbele yake. Ni kweli?"

Dzoro akadhani ametumwa na mjomba wake, Taib, kuja kuhakikisha. "Ni kweli tupu. Usiwe na wasiwasi."

Msichana aliinamisha kichwa. "Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata Hija yake," akasema. "Sijamsikia mamangu akiimba hata siku moja. Hata jikoni. Hata kunibembeleza. Mjini watu wazima wakimsikia anatajwa wanafumba macho, na mimi mwanawe sijui wanafumbia nini. Nilitaraji utakuwa mwongo, mzee. Haya, kwaheri."

Maneno yale yalimwandama Dzoro mpaka Jumamosi. Siku hiyo walifunga saa saba. Akaenda nyumbani, akaifungua droo, akaitoa kaseti. Hakuwa na tumaini lolote. Alitaka tu kuhakikisha kwamba hakumdanganya mtoto yule.

Kwanza alisikia sauti yake mwenyewe, "Nitoke nje kidogo, Bi," na mlango ukifungwa. Ebo! Redio ile ilikuwa na kinasa sauti papo hapo usoni. Yeye, aliyerekodi harusi nzima nzima, alisahau siku ile kwamba kibonye chekundu hakifuti tu, kinasikiliza pia. Akili yake haikuwa naye. Basi ndani ya kaseti mlikuwa na mchele ukipepetwa, kikohozi, muuza kahawa akipita dirishani akigonganisha vikombe vyake. Kisha Bi Mwanajabu akiita, "Baba, kahawa yako itapoa!" na kule nje Dzoro mjinga hakuitikia. Halafu ungo ukawekwa chini.

Akaimba. Polepole, kwa sauti ya mtu mzima iliyopungukiwa na pumzi, wimbo ule ule uliokuwa ukifutwa. Ubeti mmoja ulimpotea, akauruka, akajicheka. Alifika mwisho, akasema, "Astaghfirullah." Alikuwa peke yake na Mola wake, hakujua kwamba anasikilizwa.

Dzoro alikaa kitandani viatu vikiwa miguuni mpaka Beryl akamuuliza kama anaumwa. "Nimechoka," akasema, na mara hii Beryl hakumtania.

Alijua vizuri alichoahidi, na aliyeahidiwa hayuko tena wa kumwachilia. Lakini alikuwa na mtoto wa watu pia, miaka kumi na tisa, ambaye hakuwahi kubembelezwa kwa wimbo. Jumapili, kanisa lilipotoka, alibeba redio na kaseti, akashika njia ya Kibokoni, nyumbani kwa marehemu.

Alimweleza Nafisa yote, hakuficha ahadi wala uzembe wake. "Nilimwahidi hakuna atakayemsikia," akasema. "Mimi nimeshamsikia, nimeshaivunja. Sijui tena la kufanya. Wewe ndiwe damu yake."

"Piga," akasema Nafisa.

Alisikiliza ameketi mahali pale pale alipoketi mamake, mkekani. Kwenye kikohozi alitabasamu. Kwenye wimbo aliziba mdomo kwa ukingo wa mtandio, na macho yake, wallahi, hakuyafumba hata kidogo. Alitazama redio kama mtu anayetazama uso. Ilipofika Astaghfirullah, Dzoro akanyoosha mkono airudishe nyuma, apige tena.

"Hapana," akasema Nafisa. "Nikisikia mara ya pili sitaweza kuiacha ifutwe. Alitaka aondoke mzima. Timiza ahadi yako, mzee."

"Una hakika, mwanangu?"

"Sina. Bonyeza upesi."

Dzoro akairudisha mwanzo. "Tukae kimya basi. Hii ina masikio," akamwonya, naye akaitikia kwa kichwa. Akabonyeza vibonye viwili, chekundu na mwenzake. Safari hii hakutoka nje. Alibaki pale, mgongo ukimuuma, akivitazama vigurudumu vikimla Bi Mwanajabu, kikohozi chake, mchele wake, mpaka kicheko chake. Nafisa alilia bila kutoa sauti. Nje watu walipita wakizungumza habari zao.

Lakini ile ni nyumba ya watu wa Mji wa Kale, na mgeni haketi nusu saa mikono mitupu. Mkono wa Nafisa ulikwenda wenyewe kwenye birika, ukamimina, ukaweka kikombe mbele ya Dzoro. Dzoro hakukigusa. Dakika zikapita. Msichana akajisahau.

"Baba," akasema, "kahawa yako itapoa."

Ilikuwa sauti ile ile. Ule ule mteremko mwishoni, ule ule ukarimu wenye kuharakisha, kana kwamba aliyeketi mkekani miaka saba nyuma hajaondoka. Nafisa akaziba mdomo kwa haraka, akaitazama redio kwa hofu. Vigurudumu vilikuwa vikizunguka, na neno limeshaingia.

"Basi, mwanangu," akasema Dzoro. "Hujaimba."

Safari hii aliitikia mwito. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa kahawa ikiwa bado moto, na machozi yakamtoka mbele ya mtoto wa watu, asione haya.