Mawimbi ya Mayi Kachingwe

Mayi Kachingwe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akaivaa tena na kuinama karibu na bega langu. Kwenye kioo cha kompyuta, sura ya tatu ya kitabu cha jiografia, aliyokuwa ametoka kuisoma, ilikuwa imelala kama uzi uliodondoka sakafuni.

"Tiya," akasema, "mbona leo nimekuwa uzi?"

Kidole changu kilikuwa kwenye kipanya. Pembeni mwa wimbi la sauti, kwenye programu tuliyotumia kuhariri, kuna kipimo kilichosimama wima. Ukikibofya, wimbi hurefuka juu na chini, likajaa kioo kizima. Sauti yenyewe haiongezeki hata chembe. Kinachokua ni picha.

"Nilikuwa nimeibana, Amayi," nikasema, nikimwita mama kama sote pale. "Ngoja niifungue."

Nikabofya mara tatu. Uzi ukawa kamba, kamba ikawa vilima, vilima vikawa milima. Akaitazama kitambo, halafu akanipiga bega kidogo kwa kiganja.

"Nilishtuka, mwanangu. Nikadhani nimekufa nikiwa nasoma."

Hiyo ilikuwa Blantyre, mwezi wa pili, miaka kumi na mmoja iliyopita. Tulikuwa tukirekodi vitabu vya shule kwa ajili ya wanafunzi wasioona, katika chumba chenye magodoro ukutani na feni moja mbovu. Yeye alisoma, mimi nilikata: kikohozi, neno lililomezwa, ukurasa uliofunuliwa kwa kishindo. Kabla ya hapo alikuwa amesoma hadithi redioni kwa miaka ishirini na sita. Wengi wa rika langu mjini pale tulilazwa na sauti yake kabla ya kulazwa na mama zetu. Alipostaafu akaja kwetu, na akaja na mazoea yake: kila sura ikimalizika, huzunguka meza kuja kuyaona mawimbi yake. Yakiwa makubwa husema, "Leo nimeupanda mlima Mulanje." Yakiwa madogo husema alikuwa na njaa.

Mimi nilikuwa nimeliona jambo tangu Januari. Sauti haikukwaruza wala maneno hayakupotea. Ilikuwa tu ikienda mbali, kama mtu anayesoma huku akirudi kinyumenyume kutoka chumbani. Nilimwomba aisogelee maikrofoni. Akasema akiisogelea zaidi ataimeza.

Watu niliowasimulia habari hii wamekuwa wakinihurumia kwa kusema nilimwonea huruma. Huruma ilikuwapo, sikatai. Lakini kilichobofya siku ile ni uchovu. Kumwambia kweli kungeleta mazungumzo marefu, labda machozi, kisha kumtafuta msomaji mwingine, kisha kurudi sura ya kwanza, na muhula wa shule ulikuwa unakaribia. Kubofya mara tatu kulikuwa kwepesi zaidi.

Basi ikawa desturi. Asubuhi, kabla hajafika, niliikuza picha. Akiondoka niliirudisha, na nyuzi zake zikabaki zimenilalia mbele ya macho. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Niliipandisha sauti yenyewe, na kila ilipopanda ilipanda na wenzake: feni, mvua juu ya mabati, tumbo lake lililonguruma saa tano. Nilikwangua makelele hayo moja moja mpaka masikio yakawa yanavuma hata nikiwa nakula. Yeye alirudi kwake akiwa ameuona Mulanje. Mimi nilirudi kwangu kama niliyeubeba.

Wiki ya sita, wakati Mayi Kachingwe alipokuwa ameshaondoka, alikuja binti yake. Nilimjua kwa sura tu: Zione, fundi wa nguo, mwenye futi ya kupimia shingoni na pini kwenye ukosi wa blauzi. Hakuketi.

"Wewe ndiye Tiyamike wa mashine?"

"Ndiyo, dada."

"Nina swali moja, sitakuchelewesha. Nyumbani hatumsikii Mama. Tukimwambia apaze sauti, anasema masikio yetu yameozeshwa na muziki. Mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Akila, kijiko kinagonga sahani kama kengele. Nimempangia siku ya daktari mara mbili, amekataa mara mbili. Unajua anasema nini?"

Nilitikisa kichwa, ingawa nilikuwa nimeanza kujua.

"Anasema, 'Sauti yangu ingekuwa imepungua, mashine ya Tiya ingeonyesha. Watu hupendelea, mashine haipendelei.' Kila jioni anatusimulia mawimbi yake yalivyokuwa marefu. Juzi tumegombana mpaka sasa ananisalimia kwa kupitia watoto." Akachomoa pini moja na kuichomeka tena palepale. "Sasa niambie. Mgonjwa ni yeye, au viziwi ni sisi?"

"Nyinyi si viziwi," nikasema.

Akasubiri. Nilimwomba aniachie siku moja nizungumze na mama yake mwenyewe. Aliniangalia kama anayepima kitambaa asichokiamini, kisha akatoka.

Kesho yake Mayi Kachingwe alisoma sura ya kumi na nne, habari za mito. Alisoma vizuri. Hilo nalo lilinichosha, kwamba alisoma vizuri, kila jina la mto likitamkwa kama jina la ndugu. Alipozunguka meza, alikuta nimeweka mawimbi mawili, moja juu ya jingine. La juu lilikuwa sura aliyosoma mwaka uliopita. La chini lilikuwa la mito. Picha nilikuwa nimeirudisha kwenye kipimo chake cha kawaida.

"Hii ya chini umeibana tena," akasema.

"Sijaibana, Amayi. Hivi ndivyo wimbi lilivyo. Zile siku nyingine ndizo nilizokuwa nikiivuta picha. Sauti ya ukubwa ule haikuwapo."

Alinyoosha kidole, akakipitisha juu ya kioo kutoka mwanzo wa uzi hadi mwisho. Kidole kilitetemeka. Alikiangalia kikitetemeka, na sidhani alikuwa amepata kukiangalia hivyo hapo kabla.

"Tangu lini?"

"Tangu sura ya tatu."

"Na mimi nimemwita mwanangu kiziwi mbele ya watoto wake." Aliketi kwenye kiti changu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. "Ulikuwa unaniogopa, Tiya?"

"Hapana. Nilikuwa nimechoka."

Nilitegemea anikaripie. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za nyumba anayoijua.

"Hata mimi nimechoka. Tangu Krismasi. Nikajiambia ni uzee tu, maana sauti ninaiona ipo."

Akauchukua mkoba wake, akasimama.

"Twende kwa Zione. Ukamweleze wewe. Mimi sitasikika."

Tuliteremka kwa miguu, yeye akinishika kiwiko. Sikujua wakati ule kwamba daktari angeutaja ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba vidonge vingeutuliza mkono kwa miaka kadhaa na kuishindwa sauti, kwamba kitabu kile kingemaliziwa na mwalimu mstaafu kutoka Zomba mwenye sauti ya kutosha na asiyejali mawimbi yake. Wala sikujua kwamba daktari huyo huyo angesema wiki sita hazikubadili kitu kikubwa. Zione alinitumia ujumbe kunijulisha hilo. Nilimshukuru. Lakini zilikuwa wiki sita ambazo mama na mwanawe walizozana mpaka wakaacha kusemezana, na hizo hakuna daktari aliyeulizwa habari zake.

Tulimkuta kibandani kwake, amesukuma vitambaa pembeni, anakula nsima, ugali wa kwetu, na dagaa. Alimwona mama yake, akaniona mimi, akaacha kutafuna. Nikaeleza nikiwa nimesimama: kipimo, mibofyo mitatu, kila asubuhi. Nilieleza mpaka mwisho, na sikutia neno la kujitetea, kwa kuwa nililokuwa nalo lilikuwa moja tu na lilikuwa bovu.

Zione hakunitazama wakati wote huo. Nilipomaliza, alibaki akikanda tonge mkononi, akilikanda tu, bila kulila.

Mayi Kachingwe aliinama, akamwambia kitu sikioni. Mimi naishi kwa kusikia, na nilikuwa hatua tatu kutoka pale, lakini sikuambulia hata neno. Zione alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akausogeza mguu wake, akavuta kigoda kutoka chini ya meza, akakisukuma upande wangu.

"Anasema ukae ule," akasema. "Nsima inapoa."

Nikanawa mikono.