Fundo la Ng'ombe Ziwani

Nilifika Bweremana, kando ya ziwa, saa tatu asubuhi kwa jambo moja: kumrudisha Uwamwezi nyumbani. Binti yangu ana miaka kumi na saba. Alizaliwa Karuba, kwenye vilima vya ng'ombe na viazi, ambako hakuna anayejua kuogelea. Huu ulikuwa mwezi wake wa tatu wa kujifunza kuendesha mtumbwi wa tanga kwa Papa Hubert. Siku hiyo wanafunzi wa vijiji vya ufukoni walikusanyika na mitumbwi sita, matanga ya turubai yakipigapiga, na wazazi tukaitwa kutazama.

Nilikuta ameshaingia ziwani. Basi nikatembea huku na huko mchangani mpaka Mama Gentille, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akacheka.

"Mama wa mulima, utachimba mufereji!"

"Nitatulia akitoka."

"Iko na jile, ile koti ya kuelea. Hata akianguka, ataelea kama kibuyu."

"Mutoto wako njo aelee. Wangu Mungu alimupatia miguu."

Upepo ulishuka ghafla kutoka milimani. Papa Hubert akapuliza filimbi: achieni kamba! Mitumbwi mitano ikaachia, matanga yakalegea. Wa sita haukuachia. Tanga lilijaa, mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaanza kuingia. Uwamwezi alikuwa anang'ang'ana na fundo la kamba ya tanga, na mwenzake Jérémie ameegemea upande wa juu kwa uzito wake wote.

Nililijua fundo lile hata kutoka ufukoni, kwa jinsi vidole vyake vilivyolichokonoa. Ni la kufungia ng'ombe. Nilimfundisha mwenyewe akiwa na miaka sita. Mnyama akivuta, linazidi kukaza. Ukitaka kulifungua hupambani nalo. Unamrudisha ng'ombe kwenye nguzo, kamba ilegee.

Niliingia majini mpaka magotini, na viatu vyangu.

"Uwamwezi! Acha fundo! Rudisha ng'ombe!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alimwambia Jérémie neno, wote wawili wakaikamata kamba mbele ya fundo, upande wa tanga, wakaegemea nyuma, wakaivuta kwao. Ikalegea kiasi cha kiganja tu. Ilitosha. Fundo likafunguka, tanga likapepea ovyo, mtumbwi ukainuka umejaa maji nusu.

Walirudi wa mwisho, wakipiga kasia. Papa Hubert alikuwa anawangoja.

"Nani alifunga ile?"

"Ni mimi, Papa. Niliona fundo yenu inateleza."

"Njo kazi yake, kuteleza! Sasa hautapanda mutumbwi tena mpaka ufunge mafundo mia mbele yangu bila kosa. Ao mama yako akupeleke nyumbani. Iko pale, muulize."

Wote wakanigeukia. Uwamwezi alikuwa amelowa, midomo yake ya majivu kwa baridi, lakini tayari ameokota kipande cha kamba na kukizungusha kwenye mpini wa kasia.

"Mama, usiseme."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilitazama mikono yake: ilikuwa inatafuta njia ya fundo la ng'ombe, inaiacha, inatafuta nyingine.

"Sijasema kitu," nikamwambia. "Funga."

Mitumbwi mitano ikatoka tena. Uwamwezi akafunga, akafungua. La saba akakosea, akaanza moja. Niliyatazama matanga yakiwa madogo upande wa Minova. Wangu hakuwa mle ndani, na bado miguu ilikataa kutulia.